Rubani wa Pilau

Kila nikisimulia kwa kifupi jinsi nilivyoigeuza meli ya mizigo kwa bei ya pweza, watu huondoka wakidhani nimewapiga kamba. Basi leo nasimulia kwa urefu, kuanzia kwenye jokofu.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa barafu. Pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, alikuwa na majokofu mawili ya kugandishia maji, moja likafa. Akaenda mnadani kutafuta jingine la mtumba. Akarudi jioni na karatasi yenye mhuri na uso wa mtu aliyefumaniwa. Kanunua boti.

"Jokofu lilipanda bei," akasema. "Halafu wakaleta boti, dalali akanitazama mimi."

Mkaza mjomba hakujibu neno. Aliingia jikoni, tukawa tunasikia sufuria zikijibu kwa niaba yake.

Ilikuwa boti ya marubani iliyostaafu. Chuma kitupu, kibanda cha usukani mbele, matairi ya lori yamening'inia ubavuni kama vikuku, na vyuma vya kushikia kila mahali, maana abiria wake wa zamani walikuwa watu wa kuruka. Mbavuni kulia na kushoto iliandikwa PILOT kwa herufi ndefu kuliko mkono wangu. Mjomba akapaka bluu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haikusaidia. Herufi zile hazikuwa rangi. Zilichorwa kwa moto wa kuchomelea, zikavimba juu ya chuma kama chale. Mwanga ukizipiga kwa ubavu, zinasimama zote. Upande wa kushoto tairi moja lilikaa juu ya T, watoto wa sokoni wakawa wanasoma kilichobaki: pi-lo. Wiki haikwisha ikawa Pilau. Mjomba alikuwa amepanga kuipa boti jina la marehemu mama yake. Akaona bora aliache lipumzike na mwenyewe.

Pamoja na boti tulipata Mzee Serahangi. Kwenye karatasi ya mnada hakuwamo, lakini siku tuliyokwenda kuichukua tulimkuta amekaa humo ndani na birika lake la kahawa. Mjomba akajaribu kuwasha injini mara tatu, ikakohoa. Mzee akasema bila kugeuka, "Nani kawaambia inawashwa hivyo?" Akainuka, akabonyeza hapa, akapiga pale kwa kisigino, ikanguruma. Alikuwa ameishika usukani zaidi ya miaka thelathini, na walistaafu mwaka mmoja, yeye na yenyewe. Yeye alipewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Yenyewe ikapewa Mjomba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba barafu na kumsikiliza Mzee Serahangi. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Kwanza alikuwa na ugomvi na ndege. Ukisema "rubani" na mtu akainua macho angani, Mzee anakasirika kabisa.

"Rubani ni wa baharini," anasema. "Neno limekuja na majahazi kutoka Uarabuni kabla mtu yeyote hajaota kuruka. Hao wa ndege wameazima juzi tu, na hawajarudisha."

Kazi yenyewe alinieleza hivi. Nahodha wa meli anajua bahari kuu, lakini Tanga haijui. Hajui mwamba gani unajificha maji yakijaa, wala mkondo unavuta wapi bamvua. Basi meli inasimama nje huko, inamngoja mtu wa nyumbani apande aionyeshe njia. Huyo ndiye rubani, na Pilau ndiyo iliyokuwa ikimpeleka. Miaka hiyo gati letu lilikuwa na kina cha kama mita 3, meli kubwa haikuthubutu kulisogelea. Ilitia nanga kati, na mkonge, kahawa na mbao vikawa vinaifuata kwa matishali. (Siku hizi pamechimbwa hadi mita 13, gati lina mita 450, meli inakuja yenyewe mpaka ukutani. Mzee Serahangi hulitazama gati lile jipya kama mtu anayetazama mashine ya kusaga karibu na kinu chake.) Pilau ilimpeleka rubani, ikimpeleka daktari meli ikipandisha bendera ya njano ya kuomba ruhusa ya afya, ikiwapeleka watu wa forodha, na mara nyingine mbuzi, ambaye maelezo yake sikuwahi kuyapata. Lakini hasa hasa ilikuwa inangoja. Kazi ya boti ya rubani, alisema, ni saa moja ya kufa na saa tano za kungoja, ndiyo maana yeye alijua kupika kuliko wake zake wote wawili.

Sasa, kulikuwa na mambo mawili ambayo Mzee alimwonya Mjomba tangu siku ya kwanza. Naapa alimwonya, nilikuwepo nimeshika kopo la rangi.

La kwanza, taa. Juu ya mlingoti zilikuwapo mbili, nyeupe juu, nyekundu chini. "Hizi uzitoe," Mzee akasema. "Usiku baharini taa ni maneno. Kofia nyeupe juu, mdomo wa tambuu chini: huyo ni rubani. Ukizigeuza, nyekundu juu nyeupe chini, unakuwa mvuvi. Ukiziacha hivi unawaambia watu uongo."

"Taa ni taa," Mjomba akasema. "Na zinawaka."

La pili, bendera. Ndani ya kabati la kibanda tulikuta bendera moja safi imekunjwa, nusu nyeupe, nusu nyekundu. Mjomba akaishika kwa mikono miwili, macho yakamlegea. Mjomba ni Coastal Union damu, timu ya mpira ya hapa Tanga. Ubingwa wa 1988 anausimulia kama umetokea Jumapili iliyopita na wewe ulikuwa umelala. Bendera nyekundu na nyeupe, ndani ya boti aliyoinunua kwa kutazamwa na dalali! Kwake ile ilikuwa ishara.

"Hiyo ni H," Mzee akamwambia. "Maana yake rubani yumo chomboni."

"Maana yake Wagosi wa Kaya," Mjomba akasema, akaipandisha.

Mzee Serahangi akanitazama, akamimina kahawa yake. Hakusema tena.

Biashara yetu ilikuwa kupeleka barafu dago, kule Kwale, kwa wavuvi waliopiga kambi, na kurudi na ngisi na pweza mpaka Deep Sea kabla soko halijachangamka. Usiku wa mkasa huu tulikuwa tunarudi na mzigo mzuri. Ilikuwa tangambili, msimu ule upepo haujaamua unatoka wapi, bahari ikijikunjakunja kivivu. Saa kumi na moja alfajiri tukafika mlangoni pa ghuba. Giza bado. Mjomba amelala juu ya masanduku ya barafu, kajifunika turubai gubigubi, miguu tu iko nje. Mzee yuko kwenye usukani. Mimi niko mbele, nasinzia nimesimama.

Mbele yetu meli. Kubwa, inatambaa polepole kuingia, taa zake kama harusi. Nikadhani tutaipita. Mara ikatumulika kwa kurunzi, mwanga wa kumfufua maiti, ukapita juu ya bendera, ukashuka ubavuni ukakaa hapo. Nilipata kufikiri jambo moja tu: herufi zile zimesimama sasa hivi, zote, kwa upande huu usio na tairi.

Meli ikaanza kugeuka taratibu, ikatukingia upepo na mawimbi kwa mwili wake. Upande wetu maji yakatulia kama ya karai. Kisha juu kabisa nikaona watu wawili wanateremsha ngazi ya kamba.

"Mzee," nikasema, "wanafanya nini hawa?"

Mzee Serahangi alikuwa amenyooka. Sijui nieleze vipi. Mgongo wake ulikuwa umepinda siku zote nilizomjua, na sasa haukupinda. "Wametupa demani," akasema kwa sauti ya chini. "Wamepunguza mwendo, wamegeuka, wameteremsha ngazi. Nitawapita hivi hivi?"

"Lakini Mzee, sisi tuna pweza."

"Mgeni anabisha hodi mlangoni kwako," akasema, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kuzungusha usukani. Mpaka leo siamini kama aliamua. Naamini mikono iliamua, au boti.

Kelele za injini zikamwamsha Mjomba. Akatoa kichwa kwenye turubai, akaona ukuta wa chuma unaopanda mpaka mbinguni, akaona ngazi, akaona watu wanapunga mikono. Mtu mwingine angepiga shahada. Mjomba akasema, "Wanataka pweza!"

Na wakati huo huo kutoka juu ikateremka kamba nyembamba yenye ndoano. Baadaye niliambiwa ile ni kamba ya mkoba: rubani hapandi na mzigo mkononi, mkoba wake huvutwa juu. Lakini kwa mtu wa sokoni, kamba yenye ndoano ikija yenyewe mpaka puani ina maana moja. Mjomba akaitia ndoano kwenye mkono wa ndoo ya lita ishirini, imejaa pweza mpaka mdomoni, akatikisa kamba. Ndoo ikaondoka kwenda juu, inazunguka polepole, mkono mmoja wa pweza umetoka unapapasa hewa.

"Na wewe mfuate!" Mjomba akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye Kiingereza. Waambie dola kumi kwa kilo. Wakinuna, shuka. Usipite tano."

Nilikuwa nimevaa kikoi, fulana, na jaketi la kuelea la machungwa ambalo Mzee hakuruhusu mtu alivue. Akaniita kibandani, akaniambia haraka haraka maneno ambayo nadhani aliwaambia marubani wote wachanga. "Panda boti ikiwa juu ya wimbi. Ukipanda ikiwa chini, itainuka ikufuate, nayo haina breki. Shika kamba za pembeni, si vipawa vya kukanyagia. Usitazame chini, usitazame juu. Tazama kutu."

Nilitazama kutu. Naijua ile kutu kuliko naujua uso wa mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Chini Mzee ameibandika Pilau ubavuni kwa meli, mwendo ule ule, tairi linasugua chuma, haiendi mbele wala haibaki nyuma. Nilipoikanyaga ngazi akaichomoa kwa ustadi kama mtu anayetoa mkono mfukoni. Halafu nikabaki mimi, ngazi, na kikoi kilichoamua kulegea kipawa cha sita.

Juu nilipokelewa na kijana Mfilipino amevaa sare, amesimama wima. Pembeni yake baharia mwingine ameishika ndoo mbali na mwili wake, na pweza ameshamshika mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyecheka. Baadaye nilifikiri: watu hawa wanaingia bandari mpya kila wiki, hawajui desturi za wapi zikoje. Huenda Tanga rubani huja na pweza.

Yule wa sare akaniuliza, kwa heshima, neno moja: "Pailoti?"

Nikafurahi. Kumbe boti yetu inajulikana mpaka huku. "Yesi," nikasema, nikaionyesha kule chini kwa kidole. "Pilau."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapelekwa ngazi baada ya ngazi, ndani, mpaka chumba cha juu kabisa chenye madirisha pande zote na mashine zinazowaka kijani gizani. Nahodha alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe na macho ya mtu aliyekesha. Akanipa mkono. Akasema sentensi ndefu. Nilidaka neno "kofi" nikaitikia, kahawa ikaja kwenye kikombe kizito, na biskuti mbili. Kisha akanipa karatasi yenye tarakimu.

Leo najua ile huitwa kadi ya rubani: inamweleza rubani urefu wa meli, na inazama kina gani majini, na mambo ya mashine. Siku ile niliona 140 na 7.2, na kichwa cha biashara kikafanya kazi upesi kuliko kilivyowahi kufanya mtihanini. Wanataka kilo 140. Kwa dola 7.2. Wameanza wao, tena wameanza juu ya tano! Lakini sikulelewa Deep Sea bure. Mtu akitaja bei usikubali papo hapo.

Nikajinyoosha. "Teni," nikasema.

Nahodha akapandisha nyusi. Akauliza kitu; nikasikia "poti", halafu neno lingine refu sikulidaka. Poti nalijua, ni bandari. Anauliza mzigo uliobaki aletewe bandarini au vipi. "Poti," nikasema, nikaionyesha Tanga kwa mkono mzima. "Poti, poti. Teni."

Kulikuwa na baharia mmoja kwenye usukani ambaye sikuwa nimemjali. Akasema kwa sauti kubwa, "Poti teni, bwana!" na akazungusha.

Mimi nilidhani ni karani, anaandika bei.

Msomaji, kwa lugha ya meli "poti" ni kushoto, na tarakimu inayofuata ni nyuzi za usukani. Na mshika usukani ni sheria arudie amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza, ili asiyesikia vizuri ajulikane mapema. Nimeyajua hayo nikiwa nimechelewa sana.

Nahodha alitazama ramani, akanitazama mimi, hakupendezwa. Nikaona, aha, kanuna. Wakinuna, shuka. "Faivu," nikasema kwa upole.

"Faivu, bwana!" akaitikia karani, akarudisha usukani nusu.

Sijawahi kuuza samaki kirahisi hivyo. Nikanywa kahawa. Nikatazama dirishani nione kunakucha vipi, na ndipo nikaona kwamba Tanga haiko mbele tena. Mbele palikuwa na ule mstari mweupe ninaoujua tangu utotoni, pale maji yakipwa tunapochomea pweza, pale mawimbi yanavunjikia mwamba. Ulikuwa mbali bado, lakini hauendi popote, sisi ndio tunaokwenda.

"Mungu wangu!" nikapiga kelele.

Kimya. Mshika usukani akageuza macho, akameza mate, akasema kwa kujikaza, "Mu-ngu wa-ngu, bwana," akabaki anautazama usukani, hajui Mungu wangu ni upande gani.

Kwa bahati nahodha huwa hamkabidhi rubani meli yake hata siku moja; rubani anashauri, mwenye meli ni nahodha. Akaingilia kati kwa maneno mawili makali, usukani ukarudi upande wa pili, mashine ikapungua sauti. Na hapo hapo redio koli ikaita.

Sauti ya Kitanga kabisa, Kiingereza chake kimepakwa nazi. Alikuwa anaomba radhi kwa nahodha: yeye ndiye rubani, amechelewa, jarife la wavuvi limejisokota kwenye pangaboi la boti yake karibu na Raskazone, na zaidi ya hayo anaomba kujua kwa nini meli inaelekea kwenye mawe.

Nahodha akajibu kwamba rubani yuko hapa.

Redio ikanyamaza kidogo, kama mtu anayejipapasa ahakikishe kuwa bado yupo. Kisha ikasema kwa Kiswahili, "We uliyeko huko juu. Ni nani wewe?"

Nahodha akanipa kile cha kuzungumzia. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ni wa Pilau."

"Pilau ya nani?"

"Ya Mjomba."

Kimya tena. "Ile boti ya zamani? Ile ya Serahangi?" Sauti yake ikabadilika. "Serahangi mwenyewe yuko wapi?"

Nikatazama chini. "Yuko hapa pembeni, anangoja."

"Anangoja," akarudia, na nikamsikia anacheka peke yake. "Basi usiguse kitu. Usiseme kitu, hata chafya usipige. Mwite Serahangi aje anichukue."

Redio ya Pilau ilikufa kabla ya mnada. Kwa hiyo nilitoka kwenye kibaraza cha nje, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga ukelele wa sokoni kutoka kimo cha ghorofa kadhaa: "Mzee! Rubani kakwama Raskazone! Anasema ukamfuate!"

Sikusikia jibu. Niliona tu Pilau inaondoka ubavuni, inainua omo, inakata maji kuelekea Raskazone na bendera ya Coastal imenyooka, taa mbili juu, nyeupe na nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue hazikuwa zikisema uongo. Mjomba alikuwa amesimama nyuma anapunga mikono. Nilidhani ananiaga. Alikuwa anauliza ndoo.

Nusu saa baadaye walirudi. Kumeshapambazuka. Niliangalia kutoka juu Mzee alivyoibandika boti mahali pale pale, tairi lile lile, na mtu mzima mwenye shati jeupe akasimama kati ya masanduku ya pweza, akangoja wimbi liinuke, akapanda. Hakutazama chini, hakutazama juu.

Alipoingia chumbani alinikuta nimesimama kwenye kona, kikombe mkononi, jaketi la machungwa, kikoi nimekishika kwa mkono wa pili. Viatu vyake vilikuwa vinateleza utelezi wa pweza. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyesema poti teni?"

"Ilikuwa bei," nikamwambia.

Akageuka dirishani haraka, mabega yanatikisika. Mshika usukani akasubiri, hajui kama ile nayo ni amri.

Basi, meli ikaingia salama, ikatia nanga mahali pake ndani ya ghuba, Kisiwa cha Toten mbele yetu. Rubani akatoa karatasi yake ya kazi, nahodha akaisaini. Na mimi nikatoa daftari la Mjomba la pweza, nikamwekea pia. Nahodha akalisoma, akaandika muda, akaweka sahihi. Ninalo mpaka leo: ukurasa wenye ngisi kilo nane, barafu magunia matatu, na sahihi ya nahodha wa meli.

Ndoo ilirudi tupu. Mpishi wa Kifilipino alikuwa ameshamalizana nayo. Walichotupa ni katoni moja ya sigara na kopo la maziwa ya unga. Mjomba havuti. Alizunguka na ile katoni soko zima akitafuta mtu wa kumlipa dola saba nukta mbili kwa kilo.

Wiki iliyofuata tuliitwa ofisini. Nisitaje ofisi gani, na kusema kweli walikuwa na haki kabisa. Chombo kinachojiita rubani usiku mlangoni pa bandari si mzaha. Tulisimama watatu mbele ya meza. Taa zigeuzwe, bendera ishuke, herufi ziondolewe, siku saba. Mjomba alikubali yote isipokuwa bendera. Akaanza kueleza 1988. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye ni African Sports, mahasimu wa Coastal, faini ikabaki pale pale.

Mzee Serahangi hakuulizwa kitu. Rubani alikuwapo, amekaa kando, na alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema tu kwamba boti ilimfikisha. Wakati wa kutoka wakashikana mikono kwa muda mrefu, wanazungumza habari za mbuzi. Sikusikia vizuri.

Taa tukageuza. Herufi, Mjomba akaleta fundi na grenda kutoka Ngamiani. Akasaga siku nzima, cheche zinaruka mpaka majini. Jioni uvimbe ulikuwa umekwisha, chuma laini kama sahani. Kwa vile rangi ilikuwa imetoka pale tu aliposaga, ndani ya bluu yote ile kukabaki chuma cheupe kinachong'aa, kinasomeka kutoka Toten: PILOT. Mjomba akamtazama fundi, akamlipa, akaenda kulala.

Nami jina likaniganda. Deep Sea nzima ni Rubani, Rubani njoo, Rubani barafu. Sikuona ubaya mpaka nilipotaka kuoa. Mchumba wangu ni wa Muheza, kwao watu wa machungwa, bahari wanaiona sikukuu. Nikamwomba Mzee Serahangi awe mshenga, maana ndiye aliyenipandisha. Akavaa kanzu na kofia nyeupe, tambuu mdomoni, tukaenda. Baada ya salamu na sharubati, baba mkwe akauliza kijana anafanya kazi gani.

"Ni rubani," Mzee akasema.

Nyumba nzima ikachangamka. Wanawake nyuma ya pazia wakaanza kunong'ona, mtu akatumwa aongeze viti. Baba mkwe akasogea mbele, macho yanameta.

"Mashallah! Wa ndege gani?"

Nikamwona Mzee Serahangi anavuta pumzi. Mtu yule hakuwahi kusema uongo maishani mwake, taa zenyewe hakuziruhusu.

"Ndege?" akasema kwa uchungu. "Wala si ndege. Pilau."

Baba mkwe akamgusa goti kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgeni mwenye njaa.

"Pilau ipo, mzee wangu, iko jikoni inaiva," akasema. "Tumalize kwanza mahari."